Mama Hakuniita

…na simu bado iko sikioni, bosi Watson anaongea, nasikia Jumatatu, nasikia ofisini, macho yangu yapo kwenye kompyuta juu ya kitanda, maana ofisi yangu ni hiki chumba cha kulala, godoro ndiyo meza, modemu nimeining'iniza dirishani ili ikamate mtandao, na nje malori yamepanga foleni kutoka mpakani Tunduma mpaka hapa Mpemba, mengine yamebeba mizigo tunayoitoa forodhani sisi mawakala, kuna siku dereva mmoja Mzambia alikuja kunigongea mlango, bamayo, yaani mama kwa kwao, karatasi zangu zimefika wapi, nikamtokea na mwiko mkononi, akacheka, akauliza kama forodha imehamia jikoni… “Dada Tabita, sijasema hufanyi kazi,” anasema Watson, “kazi unafanya, lakini ofisa akitaka kukagua mzigo anataka amwone mtu pale, siyo sauti kwenye simu,” kweli, hata mimi najua, Fanueli ndiye anayekimbia kwenye yadi badala yangu tangu Mama apooze upande wa kushoto, nilimfuata mwenyewe kule Iyula, tukamlaza nyuma ya pikapu kwenye godoro, na mdogo wangu Rozi amesimama mlangoni anasema, dada, mimi naweza kuja kukaa naye, nikamwambia wewe baki na kahawa, Mama nitamtunza mimi, kazi yangu siku hizi inafanyika popote penye umeme, nilisema kwa sauti ya juu kidogo, majirani wasikie, na walisikia, wakasema nina bahati, nafanya kazi huku nimekaa nyumbani kwangu, bahati, wakati mama Efraimu ananiachia mwanawe akienda sokoni kwa kuwa mimi nipo tu, na wanakwaya wanaleta majoho niyapige pasi kwa kuwa mimi nipo tu… “unanielewa, dada?” namwambia ndiyo bosi, nakuelewa, naye anaendelea, kama Jumatatu siji, meza yangu ya kule ofisini atapewa Fanueli, hana kinyongo, ni kazi tu, na mimi jibu nililiandaa tangu asubuhi, bosi, mama yangu ananihitaji hapa, jibu zuri, nani atabishana na mama mgonjwa, liko kwenye ulimi, nifungue mdomo tu, lakini jana… jana nilikuwa na mzigo wa shaba, mfumo unakwama, unarudi, unakwama tena, nimefunga mlango ili nisikie watu wa forodha wanasema nini kwenye simu, nilipomaliza nikatoka nikiwa nimefurahi kabisa, nikamkuta Mama kwenye kiti chake sebuleni, kanga imelowa, imelowa mpaka imepoa, nikamuuliza, “Mama, kwa nini hukuniita?” akasema, “Ulikuwa kazini, mwanangu,” kazini, na kati yetu kuna mlango wa mbao usio hata na kitasa, alisema bila kulalamika, kama mtu anayekwambia mvua imenyesha, na mimi nilimwogesha nimenuna, nikamwona mkaidi, nikamvalisha nguo kavu nikimwambia siku nyingine uite, sawa Mama, uite, akaitikia sawa, na ni sasa hivi tu, Watson akiongea habari za meza, ndipo naona kwamba hajawahi kuniita, hata mara moja, si kwa uji unaoganda kikombeni, si kwa redio inayokoroma stesheni imepotea, nilidhani ametulia, kumbe alikuwa anasubiri nirudi kutoka kazini, mimi niliyekuwa nyumbani, yeye ambaye huko Iyula alichuma kahawa mimi nikiwa mgongoni, nikilia anaweka kikapu chini pale pale, sikuwahi kusubiri amalize mti… kwa hiyo nimekaa naye huku sipo, na ofisini nako sipo, Rozi angekuwa hapa angekuwa amekaa pale pale kwenye mkeka, anachambua maharage, Mama akigeuza shingo tu ameshamwona, na mimi nimkatalie asije kwa sababu gani, ili majirani waseme Tabita ni binti mwema, ili nisisimame yadini kwenye jua na vumbi la malori, na hilo nalo limo, nisijidanganye, nimezoea kufanya kazi bila viatu… “halafu kuna lile lori la Lubumbashi,” anasema Watson, ameshahamia habari nyingine, anadhani kunyamaza kwangu ni kukubali, na pengine ni kukubali, nitampigia Rozi leo leo, nitamwambia njoo, nilikosea, mashamba atayaangalia mumewe, na jioni nikitoka ofisini nitakuwa nimetoka, sitakuwa na mlango wa kufunga… nasikia kiti cha Mama kinasogea kidogo kwenye sakafu, kinatulia, hakuna sauti nyingine, naifunika simu kwa kiganja, namwambia kupitia mlangoni, “Mama, unataka kwenda uani?” Watson kiganjani anaendelea kama nyuki chupani, kisha sauti ya Mama inakuja taratibu, ile ya upande mmoja wa mdomo, “Maliza kwanza, mwanangu. Mimi nasubiri.”