Ruhusa ya Viatu

Kwa maneno ya jirani, yule waliyempachika jina la Redio, Mama Pasi alikanyaga kaa la moto akaendelea kukoroga uji. Redio alilisimulia hilo bombani, ndoo za watu zimeshajaa na maji yanamwagika. Kwamba kaa lilidondoka kutoka jikoni, mwenzenu akalikandamiza kwa kisigino kama anakanyaga zulia, moshi unapanda, naye anaulizia habari za watoto.

"Yule si bure," alisema Redio. "Yule kachanjwa. Mtu haungui huku anacheka."

Mama Pasi hakucheka. Alisikia harufu, akadhani uji umeshika chini, akaipua sufuria. Binti yake ndiye aliyepiga magoti, akamnyanyua mguu kama anayemkagua mbuzi kwato, akalibandua kaa kwenye ngozi.

"Mama, huumii?"

"Pamekufa ganzi tu. Ni kusimama."

Kusimama alikujua. Katika kiwanda anachofanyia kazi, kinachofua mashuka ya mahoteli, chumba cha pasi hakina kiti, na haingii mtu na viatu. Mashuka ni meupe na marefu, yanaburura sakafuni, kiatu kingeyachafua. Kwa hiyo wanawake huvua mlangoni, wakashinda peku kati ya mabomba ya mvuke yanayopita chini. Chai ya asubuhi kijiko kinasimama kwa sukari. Mchana kampuni huwapa mkate mtamu na soda, na anayesinzia huongezewa chupa. Mama Pasi alikuwa amenenepa kiuno, miguu imebaki ile ile myembamba, wenzake wakamtania kwamba kampuni inampenda kuliko mumewe marehemu.

Miguu ilianza kwa kuwaka, kama imepakwa pilipili. Kisha wakaja sisimizi, wakitembea ndani ya nyama. Kisha kimya. Kimya ndicho kilichomtisha.

Tabibu wa kiwanda alimtoboa kidole, akapima damu. Akamwambia atazame dari.

"Nimekuchoma mguu?"

"Bado, mwanangu. Choma tu."

Hakusikia kitu, akainamisha macho. Sindano ilikuwa imesimama kwenye dole gumba la mguu wake.

"Sukari yako imepanda, mama, ila haijafika kwenye ugonjwa," alisema tabibu. "Iko mlangoni. Presha nayo, na hicho kiuno. Mishipa ya damu inabana, ile ya fahamu inakosa chakula, inakufa pole pole. Haingojei sukari ifike."

"Basi niandikie nivae viatu."

"Ruhusa ya viatu ni ya mwenye kisukari. Wewe huna."

"Na mguu?"

"Rudi ikifika. Kwa sasa punguza vitamu. Na usitembee peku."

Alimtazama aone kama anatania. Tabibu alikuwa anavua glavu.

Akaenda kwa msimamizi, kijana wa umri wa kitinda mimba wake, mwenye viatu vyeusi vinavyong'aa. Yeye hakuwahi kuvuka mstari wa mlangoni, aliwaitia kazi kutoka pale pale.

"Bi mkubwa, nikikupa wewe viatu, kesho chumba kizima kina ganzi."

"Hata vya kitambaa, baba. Nitavifua mwenyewe."

"Tabibu kasemaje?"

"Kasema bado."

"Basi bado." Akamsogezea chupa ya soda. "Kunywa, unatetemeka."

Akanywa. Tangu chai hakuwa ametia kitu kinywani, na pasi zilikuwa zinangoja.

Nyumbani binti yake alianza kumkagua nyayo kila jioni, kama anayechambua mchele. Mara lengelenge, mara kijiti. Siku moja akachomoa pini ya kushikia mashuka, imezama mpaka kichwani. Akaishika kwenye taa.

"Acha hiyo kazi, mama."

"Nikae nile nini? Ganzi?"

Wakacheka wote wawili, halafu binti akaenda kutupa pini mbali, asije mtu akaikanyaga.

Asubuhi moja mzigo ulikuwa mkubwa, wa hoteli yenye wageni wa mkutano. Mama Pasi alikuwa ananyoosha shuka, kichwa chepesi, akikanyaga pedali bila kujua kama anaikanyaga mpaka aone mvuke. Mwenzake wa kushoto akanyamaza katikati ya maneno. Kisha wa kulia. Mashine zikazimwa moja moja.

Nyuma yake, kutoka meza ya kukunjia mpaka aliposimama, kulikuwa na njia ya matone mekundu. Ncha ya shuka ilikuwa imelala ndani yake, inanywa.

Msimamizi alivuka mstari na viatu vyake. Akalinyanyua shuka, akalikunja doa likae ndani.

"Hili lilikuwa limeshapigwa pasi," alisema.

Mama Pasi aliishika meza kwa mikono miwili. Alitaka kuinua mguu autazame, akaogopa, hakujua ule utakaobaki chini kama ungemhimili. Yote miwili ilikuwa kimya.

"Baba," alisema, "nitazamie. Ni mguu upi?"

Msimamizi alikuwa ameinama, anavuta mashuka mengine yasiguse damu.