Ukuta wa Pili

Mchoro bora kuliko yote aliyowahi kuchora msichana aliyeitwa Brashi mtaani, aliuchora akiwa mgonjwa. Hilo halina ubishi. Uko kwenye ukuta wa saluni: kichwa cha mwanamke ambaye nywele zake, kadiri zinavyopanda kuelekea paa, zinageuka kuwa ndege. Hakupima, wala hakutangulia kwa chaki. Alikuwa na miaka kumi na sita, hakuwa amelala juma zima, na aliwaambia wapita njia kwamba rangi zinamwita kwa jina. Alipomaliza ndege wa juu kabisa alipanda paani ili amfuate. Mjomba wake, mwandika mabango aliyemfundisha kazi, ndiye aliyewahi kumkamata mguu.

Hospitalini ugonjwa ulipewa jina na dawa. Vidonge vilimrudishia usingizi, hamu ya kula na, baadaye, shule. Vilimletea pia mtetemo wa vidole, mdogo kiasi kwamba asiyeshika brashi asingeuona.

Mwaka uliofuata mwenye saluni alifungua tawi la pili, akaja karakana kwa mjomba.

"Nataka kama ile ile," alisema. "Pale wanaokuja kupiga picha ni wengi kuliko wanaokuja kusuka."

"Atachora, dada. Ila ile ile, sijui."

"Hujui nini? Mkono si ni ule ule?"

Brashi aliuficha mkono nyuma ya sketi.

Mteja alipoondoka, alimwambia mjomba alichokuwa akikifikiria tangu zamani. "Nikiacha vidonge mpaka nimalize ukuta, mkono utatulia."

"Na kichwa?"

"Kichwa nitakishikilia."

"Mara ya mwisho nilikishikilia mimi. Tena kwa mguu."

Hakucheka. "Mjomba, hujui ilivyokuwa. Kila kitu kilikuwa wazi. Sikuwa nautafuta mstari, ulikuwa unakuja wenyewe."

Mjomba alifuta brashi kwa kitambaa, taratibu, mpaka ikaacha kutoa rangi. "Kweli sijui," alisema. "Mimi haujawahi kunijia. Kila siku naufuata nyuma kama mdai. Nisikufiche, ukuta ule nimeuonea wivu. Lakini siwezi kukusimamia na vidonge. Hiyo ni kati yako na glasi yako ya maji."

Asubuhi ya kuanza kazi, Brashi alisimama jikoni na kidonge kiganjani. Mama yake alimpa mgongo, akisugua sufuria ambayo tayari ilikuwa safi. Mfuko wa gauni ulikuwa wazi. Kidonge kingeweza kuingia humo na hakuna ambaye angejua. Aliutamani uwazi ule wa ukuta wa kwanza jinsi mtu anavyotamani nyumba aliyohama. Kisha akalazimika kukumbuka na jambo lingine, kwa kuwa nalo lilitokea: akiwa paani, katika uwazi wote ule, mama aliita kutoka chini, na yeye akamtazama asimtambue.

Alikimeza.

Ukuta wa pili aliupigia mistari ya chaki kwanza. Mkono wa kulia aliuegemeza juu ya fimbo ambayo mjomba huitumia kwenye herufi ndogo. Ndege wengine aliwafuta na kuwarudia. Alipumzika mchana kivulini, akala, akarudi.

Kazi ilipokwisha, mwenye saluni alisimama ng'ambo ya barabara, kichwa upande.

"Nzuri," alisema. "Ila ile ya kwanza, wale ndege walikuwa wanaondoka. Hawa wametua."

"Ndiyo, mama. Wametua."

"Huwezi kuwatikisa kidogo?"

"Siwezi."

Mwenye saluni alitazama tena. "Haya. Nao wana shingo nzuri. Mteja wangu akitoka na shingo kama hiyo atarudi." Akaingia ndani kupanga viti.

Mjomba alikunja ngazi. Aliyajua maneno ya kusema, na alijua pia kwamba yasingekuwa kweli.

Nyumbani, mama aliuliza, "Vipi kazi, mwanangu?"

"Nimechoka, mama."

Mama akakaa chini ghafla, mkono mdomoni. Katika juma lile zima la ukuta wa kwanza hakuwahi kulisikia neno hilo, na sasa alilipokea kama habari njema. Brashi aliona furaha yake na hakutaka kuiharibu. Akanawa rangi vidoleni, akajilaza. Angekuwa radhi kutoa kitu kikubwa ili asijue kuchoka, kama juma lile. Usingizi ulimkuta bado anawaza ni kitu gani.