Chupa Iliyoamka

Baba yangu, Omoding, ni mtu wa pombe ya wimbi, na mtu wa pombe ya wimbi humwambii kwamba kitu kikitoa povu kimeharibika. Kwake povu ni uhai. Pombe iliyotulia chunguni imelala. Ikianza kububujika husemwa imeamka, mirija ya kunywea ikaletwa, wazee wakasogeza viti. Kwa akili hiyohiyo nilimkuta nyumbani kwake Molo, ameketi kitandani, amepakata chupa ya mwisho ya jamu ya maembe aliyoiacha mama.

Kifuniko kilikuwa kimefura katikati kama tumbo la mtoto mwenye minyoo. Ndani, mapovu madogo yalikuwa yakipanda kandokando ya kioo.

"Ona, Juliet," aliniambia. "Imeamka."

Uso wake uling'aa. Tangu tumzike mama sikuwa nimemwona hivyo, na ndicho kilichonitia hasira, maana nilijua ni mimi nitakayeuzima uso ule.

Mama aliitwa Dorcas, Msamia wa Lumino. Baba ni Mteso, kwa hiyo nyumbani tuliongea Kiswahili, kwa kuwa hakuna aliyekubali kushindwa na lugha ya mwenzake. Kina mama wa kanisani walifundishana kupika maembe, yale yanayooza kila msimu hadi nguruwe wanayakinai, wayatie kwenye chupa wauze. Soko halikuja. Chupa zikabaki chini ya kitanda, mama akafa kabla hazijaisha, na baba akawa anakula kijiko kimoja kila Jumapili akitoka kanisani, na kiazi baridi. Chakula kingine alikula kwa kulazimishwa.

Nilimwita Damalie, jirani yetu, aliyekuwa kikundi kimoja na mama. Alisimama mlangoni, hakutaka hata kuigusa.

"Mzee, hii tupa. Kifuniko ikifura hapana onja hata na ulimi. Sumu yake haina harufu. Dorcas mwenyewe ndiye alikuwa natufundisha hivyo."

"Dorcas alikuwa nasema ya watu wengine," baba akajibu. "Hii yake hawezi niua."

"Papa, hata yake," nikasema.

"Wewe iko mtoto. Hii kitu iko hai. Na hata ikiniua, wewe hasara yako gani?"

Hilo la mwisho lilinichoma. Hasara yangu gani! Mzazi mmoja nimeshamzika, wa pili ananiuliza hasara. Nikampokonya chupa. Nilidhani tutavutana, kumbe vidole vyake viliachia kirahisi, na urahisi ule ulinitisha kuliko kifuniko. Nikatoka nje, nikaifungua, ikapumua kwa kishindo, nikaimwaga nyuma ya jiko. Nilikusudia kuimwaga chooni, lakini nilikuwa nalia na sikuona ninakokwenda.

Kuku wakaja. Kuku wa kienyeji hangoji kukaribishwa. Nikawafukuza, wakarudi, yule mwekundu alikuwa wa kwanza kufika na wa mwisho kuondoka, akapangusa mdomo kwenye nyasi akaenda zake. Damalie akasema niwaache, kesho tutawafukia.

Asubuhi kuku wote walikuwa hai. Yule mwekundu alikuwa ametaga.

Baba alikuwa ameketi mlangoni, akiwatazama. Damalie alijaribu kueleza kwamba kuku si mtu, kwamba pengine sumu ilibaki kwenye kitako cha chupa, kwamba bahati si kipimo. Alisema kweli, na mpaka leo sijui kama jamu ile ilikuwa nzima au mbovu. Baba hakumsikiliza.

"Dorcas hakula kuku maisha yake yote," akasema.

Ndivyo walivyolelewa wanawake wa zamani wa huku: kuku ni nyama ya wanaume. Mama, aliyeonja kila chungu mbele yetu kabla ya kupakua ili tujue hakuna kibaya, chungu cha kuku alimwita baba aonje.

"Hata mchuzi hakuonja. Sasa kuku ndio wamekula yeye."

Akafunga mdomo. Uji akakataa, ugali wa wimbi akakataa. Nilimbembeleza, nikamgombeza, nikamwita mchungaji, naye akaomba, akanywa chai, akaondoka. Baba alilala akitazama ukuta, na mifupa ya mabega ikaanza kuonekana kupitia shati. Kisha, nilipokwisha kukata tamaa, sauti ikamtoka, nyembamba.

"Ile mwekundu. Chinja."

Nilielewa mara moja anamtafuta nani ndani ya kuku yule, na Mungu anisamehe, nilifurahi. Nilimchinja, nikamchemsha mpaka nyama ikaachana na mifupa, na bado niliogopa. Nikaleta sahani kitandani, nikaonja mbele yake, mimi binti wa Dorcas, nikameza. Ndipo nikampa.

Alitafuna polepole, macho ameyafumba, kama mtu anayetafuta jina alilolisahau. Mdomo ukasimama. Akatafuna tena, akasimama tena. Kisha akakitoa kile kipande, akakiweka kando ya sahani kwa adabu.

"Ni kuku tu," akasema.

Akageukia ukuta, na hajaniomba kitu kingine.