Betri ya Mama Mkwe

Saa sita na robo mchana, katikati ya mlima usio na hata kivuli cha kichaka, gari lilitoa mlio mmoja mfupi na skrini ikaandika: Soketi itazimwa betri ikifika asilimia kumi.

"Inasema nini hiyo?" mkewe akauliza, mikono kwenye usukani, macho barabarani.

Injinia aliisoma mara mbili, ingawa aliielewa tangu mara ya kwanza. Jina hilo la Injinia kabandikwa na mama mkwe wake, siku alipolileta gari la umeme nyumbani na kulizungusha uani mara tatu ili majirani walione vizuri. Hakuwa injinia wa chochote. Kazi yake ilikuwa kupima viwanja, na kazini alisifika kwamba hakosei hata sentimita moja. Nyumbani ndiko alikokuwa na tabia ya kujibu kwanza halafu afikirie baadaye, au asifikirie kabisa.

"Ni soketi ya mashine ya Mama," alisema. "Betri ikibaki kumi, gari linaikata ili umeme wote uende kwenye magurudumu. Limepangwa hivyo kiwandani, halibadilishiki."

Mashine yenyewe ilikuwa kiti cha nyuma, miguuni pa mama mkwe, ikikoroma taratibu. Ilikuwa mashine ya oksijeni, ya mkononi, na mrija wake mwembamba ulipanda mpaka puani mwa yule mama. Mapafu yake yalikuwa yamechoka. Bila mrija ule angeweza kukaa dakika chache tu, kisha midomo ingeanza kubadilika rangi. Walikuwa wanampeleka kwa daktari wa mapafu, na miadi ilikuwa saa tisa alasiri ya siku hiyo, miadi waliyoisubiri miezi minne.

Mambo yaliharibika chini ya mlima, kwenye kituo cha kuchaji. Injinia alikuwa amepiga hesabu zake zote kwa kituo hicho. Walipofika wakakuta kioo cha mtambo kimekuwa cheusi, na mlinzi akawaambia umekufa tangu juzi na mafundi wanasubiriwa. Gari lilikuwa na asilimia ishirini na nane. "Zinatutosha mpaka kituo kinachofuata, tena zitabaki," Injinia alitamka pale pale, bila hata kushuka garini. Sasa walikuwa na kumi na sita, na kituo hicho kinachofuata kilikuwa bado kilomita thelathini na sita mbele yao.

Mkewe alikuwa mwalimu wa hesabu. Hakuhitaji karatasi.

"Kumi na sita kutoa kumi, sita. Hizo zinatupeleka kilomita ngapi?"

"Kumi na nne hivi."

"Zinabaki ishirini na mbili, na mashine ya Mama haina umeme wa gari. Nikienda sabini kwa saa, ni dakika kumi na tisa. Tuseme ishirini." Akatazama kioo cha juu kumwona mama yake. "Mashine ina betri yake ndani. Imeandikwa nusu saa. Na wewe uliijaribu Alhamisi, si ndiyo?"



Ni kweli Alhamisi mkewe alimwambia aichomoe ile mashine ukutani, aiache ifanye kazi kwa betri yake, ahesabu dakika. Mashine haikuwa mpya, waliinunua kwa mtu. Injinia alikuwa kwenye kochi anatazama kwenye simu namna gari lake linavyopokea chaji, asilimia moja, nyingine, nyingine, raha tupu. Mkewe aliporudi kutoka jikoni akamuuliza, naye bila kuinua kichwa akasema nimeshaijaribu, iko vizuri. Hakukusudia kudanganya, jamani. Alikusudia kuifanya baadaye. Lakini hakuifanya, na Ijumaa ikapita, na mizigo ikafungwa, na leo hii mwanamke mzima alikuwa anapanga uhai wa mama yake juu ya dakika ambazo hakuna aliyezihesabu.

"Si ndiyo?" mkewe akarudia.

"Eeh," akasema Injinia.

Mguu wa mkewe ukakanyaga. Kumi na tano.

Injinia alizima kipoza hewa, na joto likaingia kama mgeni mwenye funguo. Aliomba mwendo upunguzwe kidogo. Kisha akasema labda wasimame, betri ipumue.

"Betri ipumue?" mkewe alicheka bila furaha. "Tukisimama tunakosa daktari. Tukikosa daktari ni miezi minne mingine, na Mama hana miezi minne ya kuchezea. Unaniambia nisimame kwa sababu gani?"

Injinia hakuwa na sababu ya kumpa, isipokuwa ile moja. Kumi na nne. Kichwani mwake hesabu nyingine ilikuwa inazunguka, na hii aliijua kwa uhakika. Gari likisimama, ni mashine peke yake inayokula umeme, tena kidogo sana. Kila asilimia moja inayoyeyuka kwenye lami ni karibu saa mbili za pumzi ya mama mkwe. Wakisimama sasa, wana saa saba na zaidi. Wakienda, wana nusu saa iliyoandikwa kwenye kibandiko na mtu asiyewajua. Alitaka kusema. Neno lilifika mpaka kwenye meno. Akaona uso wa mkewe utakavyogeuka, akaona na shemeji yake atakavyosimulia ukoo mzima, maana ni huyo shemeji aliyewashauri wabebe mtungi wa oksijeni wa akiba, naye Injinia akamjibu mbele ya watu kwamba gari lenyewe ni umeme unaotembea, mtungi wa nini. Akalimeza neno.

Kumi na tatu.

"Injinia," mama mkwe akaita kutoka nyuma. Alikuwa anaongea kwa vipande, maneno matatu kisha pumzi. "Mbona shingo yako... inatoka jasho hivyo... wakati dirisha liko wazi?"

"Joto tu, Mama."

"Mm," akasema yule mama. Miaka thelathini alikaa dirishani posta akipokea barua za watu, na alikuwa hadanganywi kirahisi.

Skrini ikabadilika, kumi na mbili, na Injinia akajikuta ameshika mkono wa mkewe juu ya usukani.

"Simama."

"Niachie, tutaanguka."

"Simamisha gari. Sikuijaribu ile mashine. Alhamisi sikuijaribu. Nilikwambia tu."

Hakupigiwa kelele. Mkewe aliwasha taa za pembeni, akalitoa gari kwenye lami na kulisimamisha kwenye changarawe, akavuta breki. Nyuma yao mashine ilikoroma vilevile.

"Tuna muda gani tukikaa hapa?" mkewe akauliza.

"Asilimia mbili juu ya kumi. Karibu saa nne."

Mkewe alimpigia kaka yake. Injinia alisikia sauti ya shemeji kwenye simu, na jinsi ilivyobadilika kutoka utani kuwa kazi. Angepitia zahanati achukue mtungi, aje na gari lake la dizeli. Mwendo wa saa tatu, kama barabara imekaa vizuri. Baadaye mkewe akapiga simu kliniki kwa daktari, akaongea kwa adabu sana, akashukuru, akakata. "Miezi miwili na nusu," alisema. "Ndiyo nafasi ya karibu waliyonayo." Machozi yakamtoka, akayaacha yatoke.

"Ichomoeni," mama mkwe akasema.

"Nini, Mama?"

"Hiyo mashine. Nataka kujua... tungefika... au tusingefika."

Mkewe alikataa. Mama akasisitiza, na mama yule akisisitiza huwa ameshamaliza. Basi Injinia akapita nyuma, akapiga magoti kwenye changarawe mlango ukiwa wazi, akauchomoa waya huku mkono wa mkewe ukiwa juu ya soketi tayari kuurudisha. Mashine iliendelea kukoroma. Taa ndogo ya kijani ikawaka. Mkewe alishika simu na kumwamuru ahesabu kwa sauti, kila dakika, asikie mwenyewe.

"Moja," akasema Injinia.

Lori la saruji likapita, vumbi likawafunika, likatua.

"Mbili."

Kwa muda akathubutu kutumaini. Mashine ilikuwa inavuma sawasawa, na mama mkwe alikuwa anamtazama usoni bila kupepesa. Kabla hajafika tatu taa ikageuka nyekundu, mlio mkali ukatoka, na mkoromo ukakatika ghafla. Mkewe akaupachika waya haraka mpaka kidole kikachubuka. Mashine ikasita, ikaanza tena.

Dakika mbili na sekunde arobaini. Kwa mwendo wa sabini, hizo ni kilomita tatu. Kumi na tisa zilizobaki wangezimaliza na maiti kiti cha nyuma, na wote watatu walilijua hilo bila mtu kulitaja.

Mkewe alishuka, akatembea kando ya barabara hatua kama hamsini, mikono kichwani. Injinia hakumfuata. Alibaki amepiga magoti palepale. Mama mkwe akaweka kiganja chake kikavu juu ya kichwa cha mkwewe, akakiacha pale, wala hakusema amesamehe wala hajasamehe.

Mkewe aliporudi uso ulikuwa mkavu. Akachuchumaa mbele yake, wakatazamana.

"Kitu gani kingine uliniambia umefanya, na hukufanya?"

Injinia alifungua mdomo ajibu hakuna. Ulikuwa umezoea kujibu hivyo, ule mdomo. Akaufunga. Mashine ilikuwa inakoroma karibu na sikio lake.

"Ripoti ya betri ya gari," alisema. "Tulipolinunua. Nilikwambia fundi kaipima, bado inabeba asilimia tisini na nne ya chaji ya ilipokuwa mpya. Haikuwa tisini na nne. Ilikuwa themanini na mbili. Niliogopa ungekataa tusilinunue."

Mkewe hakupigwa na butwaa, hakulaani. Alikuwa ameshahamia kwenye hesabu, Injinia aliona macho yake yakitembea.

"Zile karibu saa nne ulizoniambia," akasema polepole. "Ulizipiga kwa ipi?"

Injinia akamtazama, maana hata yeye hakuwa ameliona hilo. Ule uongo alikuwa ameuzoea kiasi cha kuupigia hesabu.

"Kwa tisini na nne."

"Piga tena."

Akapiga tena, kwa sauti, tarakimu moja moja, kama anavyofanya kiwanjani mbele ya majirani wanaogombea mpaka. Mkewe aliifuata kila moja kwa midomo.

"Saa tatu," Injinia akasema. "Na dakika kama kumi na tano. Na kumi zimeshapita."

Mkewe alikuwa ameshaweka simu sikioni.

"Kaka, uko wapi?" akasema. "Basi usisimame popote. Hata kwa mtu anayekujua."