Rada Haioni Chini ya Miti

Asubuhi hiyo Kalume alikuwa ameshauawa mara sita, zote kwa ujinga uleule. Katika mchezo wa vita, kila siku alichagua gari lenye rada la kutungulia ndege, akaliegesha kando ya mto, halafu akaikodolea macho rada ile kama vile ingemwonea huruma.

“Papa, rada haioni ndege yenye kupita chini ya miti,” alisema Falone, binti yake, mwenye chumba cha michezo ya video karibu na gare, stesheni ya treni ya Kindu. “Zima ile kitu! Angalia muto na macho yako.”

Wakati wa vita, Kalume ndiye aliyekuwa mlinzi pale gare. Kila aliposikia ndege, aligonga kipande cha reli ili watu wakimbilie mashimo ya kujificha. Siku moja ndege iliufuata mto Lualaba, chini kabisa. Alipogonga, bomu lilikuwa limeshaanguka, na Albertine, mama yake Falone, alikuwa ukingoni anafua.

Mara ya saba alizima rada. Akaiona ndege, akapiga, ikazama mtoni.

Falone akapiga makofi. Kalume akapekua ukingo wote kwenye televisheni, jiwe kwa jiwe. Hakukuwa na mtu anayefua.