Salamu Ndefu ya Mkonze

…mia moja na tisa, mia moja na kumi, na jua hili la Mkonze limenikalia utosini kama mgeni asiyeaga, kifuniko cha kamera kiko mkononi mwangu, nisikirudishe mpaka mia sita, ndivyo alivyosema Bwana wa ramani, amebandika kioo cheusi mbele ya jicho la kamera ili mwanga uingie kidogokidogo, kama mtoto anayekunywa dawa, naye yuko kule chini ya mwavuli, buti juu ya sanduku, mia moja na ishirini… asubuhi nilimwambia, Bwana, hawa wanaokwenda kisimani watatuharibia picha, akacheka, waache wapite, Msafiri, anayetembea hatoki pichani, kioo cha picha kinamsahau, na kweli, nilishaona Tabora, soko zima limemezwa, wauza mtama, wapagazi, wote, akabaki punda mmoja aliyelala, na mimi pembeni, kanzu safi, miguu safi, juu ya shingo moshi mtupu, maana nilikuwa nasimulia kichekesho huku nageuza kichwa, nimetembea Bagamoyo mpaka Ujiji na picha yangu pekee duniani haina kichwa, mke wangu akasema wamepatia… mia moja na sitini… nilicheka mpaka jana, jana aliponiandikisha karatasi ya kwenda Dar es Salaam pamoja na picha, Mkonze, mahali patupu, hapana mwenyewe, picha ndiyo shahidi, na kisima alichochimba Matonya na baba yake kipewe mzungu wa shamba anayekuja na reli, patupu, neno hilo nimeliandika mimi, kwa mwandiko huu ninaoringia… na huyo ndiye Matonya, fimbo begani, mkewe Yudith nyuma na kibuyu kichwani, wanafika kisimani, mbele kabisa ya jicho la kamera, wanatembea, wanasahaulika hatua kwa hatua, mia moja na tisini, niwaambie simameni? Bwana Kiswahili anakisikia, na hamsa ishirini, viboko vyao ishirini na vitano, naijua, makalio yangu yana kumbukumbu kubwa kuliko kioo chochote… lakini salamu, nani amekataza salamu, na Mgogo akisalimiwa vizuri hatembei, ni aibu kwake kujibu huku anakwenda, mbukwenyi, nasema, na Matonya anasimama, mbukwa, fimbo chini, mguu mmoja juu ya goti la pili, kama korongo, habari za nyumbani, kaka, nzuri, watoto, wazima, mtama, upo kidogo, ng'ombe, wapo, yule mwekundu amezaa, mia mbili na thelathini, na Yudith anasema, huyu mtu wa pwani leo ana nini, siku zote salamu yake ni tumepika nini, hilo nalo nitauliza, shemeji, tulia hapohapo, kwanza mama yako hajambo, hajambo, na yule dada wa Mvumi… Msafiri, unahesabu, inatoka mwavulini, nahesabu, Bwana, na kweli nahesabu, mia mbili na sitini, jioni akikiosha kioo watatoka wawili wenye sura zao na kisima miguuni pao, atakivunja? hana kingine, vingine vyote viliishia mtoni Kinyasungwe tulipovuka, na aliyeteleza na sanduku ni mimi, matusi niliyotukanwa siku ile naona leo yalikuwa haba… labda atapeleka, labda hatapeleka, fimbo zikija zitanikuta nimelala kifudifudi, nimezoea, ila patupu sitaandika tena, wino na uniishie… mia tatu na mbili, kifuniko bado kimo mkononi, Matonya anashusha mguu, anataka kwenda, na mbuzi, kaka? wazima, anasema. Wote? Wote. Hapana, kaka, hiyo si salamu, nitajie mmoja mmoja, na rangi zao, anza na yule beberu.