Nguzo za Zambarau

Mimi ni mwoga. Naanza na hilo kwa sababu huku kwetu, kwenye vilima vya Ozark, watu wananiita Velda mkali, na ukali wangu wote ni nguo ninayovaa nikitoka nje. Harlan, mume wangu, alipofariki aliniachia ng'ombe sitini, nyumba yenye milango mitatu na bastola yake. Tangu tulipomzika silali kabla sijaigusa milango yote mitatu kuona kama imefungwa. Kisha naamka, naigusa tena.

Na msidhani ni uzee. Kila msimu wa kuwinda kulungu, watu nisiowajua walikuwa wanaruka seng'enge yangu na bunduki mkononi. Nikibandika vibao vya "Usiingie" wanaving'oa, au wanavifanya shabaha. Mwaka mmoja walimpiga mtamba wangu risasi ya shingo, wakamwacha anagaragara malishoni mpaka nilipomkuta asubuhi. Nani alifanya vile, sijui hadi leo. Na mtu asiyejua amwogope nani huishia kumwogopa kila mtu.

Kwa hiyo niliposikia kwamba mswada wa rangi umefika kwenye bunge la jimbo, niliendesha pikapu saa tatu nzima hadi Jefferson City, mji mkuu wa jimbo letu, nikaketi mbele ya kamati na gauni langu la kanisani. Mswada wenyewe ulikuwa rahisi: mwenye shamba apake nguzo zake alama ya zambarau, na alama hiyo iwe na nguvu sawa na kibao. Kibao kinang'oka, rangi haing'oki. Nikawaeleza habari za mtamba. Nikawaeleza habari za milango mitatu. Mbunge mmoja alinyoosha mkono akanipa leso yake, na nikaipokea.

Sheria ikapita. Nikanunua makopo manne ya rangi, nikazipaka nguzo zote kwa mkono wangu, kutoka moja hadi nyingine chini ya futi mia, kama sheria inavyotaka. Mpaka namaliza, hata viatu vilikuwa zambarau.

Wa kwanza kunaswa alikuwa jirani yangu, Arvel Stotts.

Arvel anaendesha basi la shule, na shamba lake linapakana na langu kule nyuma, upande wa lambo. Alimpiga kulungu akiwa kwake, kulungu akarukia kwangu na jeraha, naye akamfuata. Huku kwetu hiyo ni desturi ya tangu enzi za babu zetu: mnyama uliyemjeruhi humwachi afie kichakani kwa mateso. Unamfuata hata akiingia kwa jirani, na jirani anapata paja. Harlan angemsaidia kumvuta. Mimi niliona mwanamume mwenye bunduki na damu mikononi ndani ya nguzo zangu, nikapiga simu kwa askari wa kaunti.

Hakimu alimpa kifungo cha nje. Akamwambia akikanyaga tena ardhi yangu bila kibali changu, ni miezi sita ndani. Na mtu aliyelala jela hapewi tena watoto wa watu kuwaendesha. Tulipotoka mahakamani Arvel alisimama kwenye ngazi, akanivulia kofia.

"Bi Velda," akasema, "sasa umebakiza kupaka mbingu tu. Malaika wasije wakaingia bila kibali."

Watu wakacheka. Mimi usiku ule niliigusa milango mara nne.

Ikapita miezi kumi na moja bila salamu. Novemba ikaingia, na ng'ombe wangu mmoja, namba Arobaini na Moja, akazaa nje ya msimu, kule chini kwenye lambo. Mchana nikaenda kumtia ndama hereni ya sikioni. Harlan alikuwa na kanuni yake: usisimame kamwe kati ya ng'ombe na ndama mchanga kama hakuna gari kati yenu. Ila kule chini palikuwa tope, nami sikutaka kukwama, kwa hiyo niliiacha pikapu juu kilimani, ufunguo ndani, nikateremka kwa miguu na koleo ya hereni. Nimefanya kazi hii miaka arobaini. Mazoea yana taabu.

Sikumsikia Arobaini na Moja akija. Nilikuwa nimeshika sikio la ndama, mara nikawa hewani, na nilipoanguka kitu kikakatika kwenye nyonga. Mlio wake niliusikia kabla ya maumivu. Nikajiburuta kwa viwiko hadi kwenye gogo la mwaloni lililoanguka, nikajisukuma chini yake. Arobaini na Moja akanifuata. Alisimama juu yangu, akipumua, mate yakinidondokea shingoni. Nikinyamaza, anarudi kwa ndama wake. Nikisogea hata mguu, anarudi mbio na kichwa chini. Sikumchukia. Mimi mwenyewe nilishafanya kama yeye, kwa makopo manne.

Mvua ya barafu ikaanza kunyesha, ile nyembamba inayochoma kama sindano. Nikahesabu. Nyumbani hakuna mtu. Binti yangu hupiga simu Jumapili, na siku ile ilikuwa Jumanne. Usiku ukiingia nikiwa na nguo zile zilizolowa, asubuhi wataokota maiti.

Bastola ya Harlan ilikuwa kwenye koti. Milio mitatu hewani ni ishara ya msaada, kila mtu huku anaijua. Niliitoa, nikaielekeza juu, kidole kikiwa mahali pake. Kisha nikajiuliza: nani atakayeisikia? Kule nyuma kuna mtu mmoja tu. Nikaishusha. Mnaweza kunicheka, lakini ndivyo ilivyokuwa. Nilikuwa nakufa kwa baridi na bado nilimwogopa Arvel Stotts kuliko kufa.

Saa kumi nilisikia basi la shule likipita barabarani. Nikajua kwamba haitapita nusu saa kabla mwenye basi hajaja kukaa kwenye mti wake wa kuwindia, pale pale mpakani.

Akaja. Niliona kwanza kizibao chake cha rangi ya chungwa, halafu bunduki. Alisimama nyuma ya seng'enge, hatua kama ishirini kutoka kwangu. Akamtazama ng'ombe anayehangaika. Akaitazama koleo kwenye majani. Akaitazama kofia yangu iliyodondoka.

"Bi Velda!"

Nikanyamaza.

"Bi Velda! Uko hapo? Kofia yako naiona!"

Nikajiziba mdomo kwa glovu. Bunduki anayo. Chuki anayo, tena nilimpa mimi mwenyewe. Na kila Novemba kuna mtu anayepigwa risasi porini kwa bahati mbaya, na hakimu anasema pole. Nani angejua? Moyo ulinipiga hadi nikahofia ng'ombe atausikia.

Arvel akashika nguzo. Ilikuwa nguzo yangu, na mkono wake ulikuwa juu ya alama yenyewe. Akaiacha, akatembea hadi nguzo ya pili, akarudi. Akageuka akatazama barabara, kushoto, kulia. Nikasema moyoni, anaangalia kama kuna shahidi. Nikaishika bastola kwa mikono miwili.

Akaiegemeza bunduki yake kwenye nguzo, upande wake. Akainua mikono juu.

"Sikiliza!" akapaza sauti, na sauti ilikuwa inapasuka. "Bunduki naiacha huku! Naingia mikono mitupu! Usinipige, tafadhali! Kesho nina watoto wa watu wa kuwapeleka shule!"

Akaruka.

Arobaini na Moja alimwona kabla hajatua vizuri. Alimkimbilia, na Arvel, mtu wa miaka hamsini na kitambi chake, akazunguka mwaloni mwingine kama mtoto anayecheza, kisha akapanda kilima mbio. Sikumwona tena. Halafu nikasikia pikapu yangu ikiwaka. Nikajua ananiacha. Anaondoka na gari langu, nami nitakufa hapa, na ni halali yangu, mchimba kisima huingia mwenyewe. Nililia kwa sauti. Sikujali tena kama ng'ombe anasikia.

Lakini mlio wa injini haukwenda barabarani. Ulikuwa unateremka. Aliileta pikapu kwenye lile tope nililoliogopa mimi, ikiteleza upande, honi ikilia mfululizo, akaisimamisha kati ya ng'ombe na gogo. Mlango ukafunguka. Viatu vikatua. Vikaja kwangu, taratibu, vikizunguka gogo.

Nilipomwona uso nilikuwa nimeshamlenga kifuani.

"Rudi nyuma," nikasema.

"Bi Velda."

"Rudi nyuma, Arvel, nitakupiga! Nakuambia nitakupiga!"

Alisimama. Mikono ikapanda hadi usawa wa masikio. Barafu ilikuwa imejaa kwenye kofia yake.

"Sawa," akasema. "Nipige. Lakini ukishanipiga, nani atakubeba?"

Mikono ilikuwa imechoka, na bastola ikaanza kushuka yenyewe. Arvel akachuchumaa, akaichukua polepole, kidole kimoja kimoja, kama anavyomnyang'anya mtoto mkasi ndani ya basi. Akaitia mfukoni. Kisha akaniinua, nikapiga kelele ambazo nina hakika zilifika Jefferson City.

Njiani alinisema mfululizo, kama watu wanaoogopa kunyamaza.

"Ng'ombe aliyetoka kuzaa, peke yako, kwa miguu! Hata mtoto wa darasa la pili anajua. Harlan angekucheka hadi Pasaka."

"Endesha."

"Naendesha. Usilale. Nitukane, ila usilale."

Nikamtukana. Alionekana kufurahi.

Hospitalini walinifunga nyonga, wakanichoma dawa, na nilipofumbua macho vizuri palikuwa na askari wa kaunti kando ya kitanda. Alikuwa Dewayne Pruitt, yule yule aliyemkamata Arvel mwaka uliopita. Arvel mwenyewe ndiye aliyempigia simu, kabla mtu mwingine hajamshtaki. Alikuwa amesimama mlangoni, kofia mikononi, tope hadi magotini.

"Pole sana, Bi Velda," Dewayne akasema, akafungua daftari. "Samahani, lakini lazima niulize. Amri ya hakimu bado ipo. Akikanyaga kwako bila kibali chako, namchukua sasa hivi, hata kama alikuwa anaokoa nani. Ulimwita, au aliingia tu?"

Nikamtazama Arvel. Uso ulikuwa umempauka. Niliufahamu uso ule. Nimeuona mara nyingi kwenye kioo cha mlango wa jikoni, nikienda kushika komeo kwa mara ya pili. Mwaka mzima yule mtu alikuwa anapita kando ya nguzo zangu akiwa na uso ule, nami nilidhani ni chuki.

"Nilimwita," nikasema.

"Una hakika? Kwa sababu yeye kwenye simu hakusema—"

"Dewayne, mimi ndiye niliyekwenda kuisemea sheria hii, siyo wewe. Nilimwita. Mara mbili. Kwa jina."

Dewayne akageuka. "Ulisikia, Arvel?"

Arvel alitazama viatu vyake. "Jina liliitwa mara mbili," akasema.

"Basi hicho ni kibali." Dewayne akaandika, akafunga daftari, akanigusa bega. "Ukipona unitafute nije nimtie yule ndama hereni. Na usiende peke yako."

Akatoka. Tulibaki wawili, mimi na jirani yangu. Mashine ya kando ya kitanda ilikuwa inahesabu mapigo yangu, na sikutaka Arvel ayasikie.

"Hukuniita," akasema.

"Najua."

"Mimi ndiye niliyekuita. Na macho yako yalikuwa wazi. Niliyaona chini ya gogo tangu nikiwa kule kwenye nguzo. Unanitazama, umejiziba mdomo."

Nilitaka kusema ni maumivu. Nilitaka kusema ni baridi.

"Niliogopa," nikasema. "Nilikuogopa wewe, Arvel. Nisamehe."

Hakusema amenisamehe. Aliizungusha kofia mikononi, mara mbili, mara tatu.

"Bastola iko kwenye pikapu yako, chini ya kiti," akasema. "Dewayne sikumwambia."

"Asante."

Akashika kitasa, akafungua mlango nusu. Kisha akasimama, mgongo wake ukiwa kwangu.

"Ilikuwa na risasi?"

Uongo nilikuwa nimeshasema mmoja siku ile, nao ulikuwa wa kumwokoa. Huu mwingine ungekuwa wa kuniokoa mimi.

"Sita," nikasema.

Arvel akaufunga mlango. Akaja, akavuta kiti, akakaa, kofia magotini. "Na mimi nilikuogopa," akasema.